Kwa unayeanza kupiga filamu darasani: ruhusa ya mtoto huombwa kila siku

Wengi wanaonijia wakitaka kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu watoto wa shule ya msingi huanza na habari za kamera. Ninunue ipi, niweke lenzi gani, ninase kwa ubora upi. Hayo yana majibu mafupi na nitayagusa mbele. Swali wasilouliza ni hili: nani amekupa ruhusa, na ruhusa hiyo inaisha lini? Katika filamu za watoto mengine yote yanafuata hapo. Utasimama wapi, utakaa umbali gani na dawati, nani atavaa maiki, na mwisho wa yote kipande kipi kitabaki kwenye filamu na kipi kitatolewa.

Shule ya msingi ya mjini ni mahali penye wenyewe wengi. Kuna mamlaka inayoisimamia, kuna mwalimu mkuu, kuna walimu wa madarasa, kuna wazazi, kuna watoto. Kila mmoja anaweza kukukatalia, na kila mmoja ana haki ya kusikia habari zako kutoka kinywani mwako. Barua ya mamlaka itakufikisha ofisini kwa mwalimu mkuu; darasani haikufikishi. Nimeona vijana wakiingia darasani na barua yenye mhuri wakidhani mwalimu wa darasa hana tena la kusema. Mwalimu aliwapa ushirikiano wa mdomoni tu. Kila walipoingia na kamera, kipindi kiligeuka marudio ya somo ambalo watoto walishalijua, na majibu yote yalikuwa sahihi. Filamu haitengenezwi kwa majibu sahihi.

Kwa wazazi, fomu ya kutia sahihi peke yake haitoshi. Mjini, wazazi wa darasa moja wanaweza kuwa wanazungumza lugha kadhaa nyumbani kwao, wengine wanafanya kazi usiku na kulala mchana, wengine hawasomi kwa urahisi. Omba nafasi kwenye kikao cha wazazi, usimame ueleze filamu ni ya nini, itaonyeshwa wapi, nani anaigharamia, na itabaki hadharani kwa muda gani. Kisha fomu iwe na maswali yaliyotenganishwa. Je, mtoto apigwe picha? Jina lake la kwanza litajwe? Filamu ionyeshwe kwenye televisheni? Iwekwe kwenye intaneti? Sura yake itumike kwenye bango na kwenye trela? Mzazi anaweza kukubali la kwanza akakataa la mwisho. Ukiyafunga yote katika sahihi moja, unamlazimisha achague kati ya kukubali kila kitu na kumtoa mwanawe, na wengi watakubali kwa kuona haya tu.

Atakayekataa usimuulize sababu, na usimtume mwalimu akambembeleze. Sababu yake inaweza kuwa nzito kuliko zote unazozifikiria. Kuna watoto ambao mzazi mmoja amewahamisha mji ili mzazi mwenzake asiwapate. Kuna wanaoishi kwa walezi kwa amri ya mahakama. Kwa mtoto wa namna hiyo, sekunde tatu za sura yake mbele ya jengo linalotambulika zinatosha kumwambia mtu hatari mahali pa kumkuta. Mzazi hawezi kukueleza hayo mbele ya wazazi wenzake, na hapaswi kulazimika.

Baada ya wazazi bado hujamaliza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ibara ya 16 inamkinga asiingiliwe kiholela katika faragha yake. Watu huyasoma haya kama maneno ya semina. Darasani yana maana ya kawaida kabisa: mama amekubali, baba amekubali, lakini leo asubuhi mtoto mwenyewe hataki. Basi leo hapigwi picha.

Mimi hufanya hivi. Siku ya kutambulishwa, kamera hupitishwa mikononi mwa watoto. Kila mmoja aitazame, amuone mwenzake ndani yake, abonyeze kitufe, asikie sauti yake kwenye hedifoni. Kisha tunakubaliana alama moja: mtoto akinyoosha kiganja kuelekea kwetu, kamera inashushwa, hapo hapo, bila maswali na bila kununa. Halafu jiandae kupimwa. Mtoto mmoja atanyoosha kiganja huku anatabasamu, shusha kamera. Utakapoinua tu, atanyoosha tena, na wenzake watageuka kuangalia utafanyaje. Shusha tena. Usimwambie aache mchezo. Darasa zima linataka kujua kama neno lako ni neno. Baada ya siku chache mchezo unaisha wenyewe, na alama inabaki kwa siku ambayo kweli inahitajika: mtoto amekosea ubaoni na machozi yanamlengalenga, anakutazama, kiganja kinainuka kidogo tu kutoka kwenye dawati. Ukishusha kamera siku hiyo, utapata mwaka mzima wa watoto wasiokuogopa. Picha utakayoikosa haifiki hata robo ya thamani hiyo.

Vipi kuhusu watoto wasio na ruhusa wakati wameketi katikati ya wenye ruhusa? Njia mbaya, nayo ndiyo ya haraka, ni kuwasogeza kona moja. Watoto wataelewa mara moja kwamba kuna kundi linalotakiwa na kundi lisilotakiwa. Afadhali ukae na mwalimu muangalie darasa lilivyopangwa, na kama kuna haja ya kubadilisha, safu zote zibadilishwe kwa sababu ya kawaida ya darasa. Halafu wewe ndiye uhame. Chora ramani ya madawati, weka alama kwenye yale usiyotakiwa kuyapiga, ibandike nyuma ya kamera ambapo wewe tu unaiona. Kufunika sura kwa ukungu wakati wa kuhariri iwe njia ya mwisho, kwa mtoto aliyekatiza mbele ya lenzi kwa bahati. Darasa lililojaa nyuso zenye ukungu humfanya mtazamaji adhani kuna uhalifu.

Sasa kuingia. Kaa kwanza bila kamera. Kaa nyuma, kwenye kiti kidogo kama chao, ujifunze majina. Kisha njoo na kamera isiyowashwa, uiweke mapajani. Kisha iwashe. Tenga wiki kwa kazi hii, na kwenye bajeti uiandike kama kazi, maana mfadhili asiyejua atauliza kwa nini mnalipwa na hamjanasa kitu. Utajua wamekuzoea watoto wawili watakapogombania kifutio mbele yako bila kukutupia jicho.

Watoto huzoea upesi. Mwalimu huchelewa, na hapo ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa. Mwalimu anajua kwamba mtazamaji atamhukumu kwa dakika mbili za kipindi kimoja, mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto wengi kiasi hicho. Kwa hiyo anapandisha sauti, anatembea na chaki kama yuko jukwaani, na anawainua wale wale wanaojua. Usimwambie awe wa kawaida. Hakuna mtu anayeweza kuwa wa kawaida kwa amri. Mwonyeshe ulichonasa. Vipande vya kwanza viwe vya kawaida tu, uvitazame naye jioni madarasa yakishatoka, umwache aseme. Mara nyingi atasema kuhusu watoto, ataanza kukueleza yule kwa nini hakuandika leo na yule kwa nini anasinzia, na hapo filamu yako inaanza kupata macho yake. Siku atakapomwinua mtoto asiyejua, akanyamaza, akamsubiri, na darasa likasubiri pamoja naye, ujue umekubaliwa.

Mwalimu huyo mwambie mapema pia habari za fedha. Filamu ya Nicolas Philibert iitwayo Être et avoir, iliyotoka Ufaransa mwaka 2002, ilihusu darasa moja la shule ya kijijini na ikapendwa na watu wengi mno kuliko ilivyotarajiwa. Baadaye mwalimu aliyeonekana ndani yake alikwenda mahakamani kudai sehemu ya mapato. Mahakama ya Paris ilikataa madai yake mwaka 2004. Sheria ikamaliza kesi, lakini uhusiano uliozaa filamu ile ulikuwa umeshavunjika hadharani. Funzo ninalolichukua ni la kabla ya siku ya kwanza: andika nani analipwa, nani halipwi, na filamu ikiingiza fedha zisizotazamiwa itakuwaje. Watoto usiwalipe ili waonekane. Kama kuna chochote cha kurudisha, kirudi kwa darasa lote au shule yote, kiandikwe, na kisitegemee nani ameonekana mara ngapi.

Kuhusu vifaa, sitakaa sana. Mtoto aliyeketi macho yake yako karibu mita moja kutoka sakafuni, na kamera yako ikae hapo. Ukipiga kutoka usawa wa bega lako ukiwa umesimama, kila mtoto atakuwa kichwa kinachoinamia daftari, na filamu nzima itakuwa ya mtu mzima anayetazama chini. Lenzi ya milimita 35 au 50 na wewe ukiwa karibu. Epuka zumu ndefu ya kupigia kutoka kona ya mbali. Kwanza, inatoa picha ya ulinzi, kama ya kamera za dukani. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, mtoto hajui kama anapigwa, kwa hiyo ile alama ya kiganja mliyokubaliana haina kazi tena.

Taa za ziada usilete, tumia dirisha. Angalia tu taa za darasani: penye umeme wa hezi 50 taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, penye hezi 60 weka 1/60 au 1/120. Usipofanya hivyo, picha itakuwa na michirizi inayotembea na hakuna mhariri atakayekuokoa kirahisi.

Sauti ndiyo itakayokusumbua. Darasa la mjini lina kuta ngumu, sakafu ngumu na madirisha yanayotazama barabara. Sauti inagonga ukuta na kurudi, pikipiki inapita, darasa la jirani linaimba jedwali, miguu ya viti inakwaruza sakafu, na katikati ya yote hayo mtoto anasema neno moja kwa sauti ndogo, nalo ndilo neno la kipindi kizima. Maiki iliyo juu ya kamera itakuletea kila kitu isipokuwa neno hilo. Tafuta fundi sauti, hata kama itabidi upunguze gharama ya kamera. Mwalimu avae maiki ya kubana kwenye nguo, na fundi awe na maiki kwenye fimbo ndefu, aketi sakafuni, ajifunze kutabiri nani atasema. Kabla madarasa hayajatoka, omba dakika moja ya ukimya mnase sauti ya chumba chenye watoto walionyamaza, kisha wakishatoka, dakika nyingine ya chumba kitupu. Ni vyumba viwili tofauti kabisa. Mhariri atakushukuru kwa yote mawili.

Kumvalisha mtoto maiki ni jambo lingine, na hapa nataka unisikilize vizuri. Mtoto husahau amevaa maiki baada ya dakika chache. Ataondoka nayo kwenda chooni. Atamnong'oneza rafiki yake siri ya nyumbani. Atamsengenya mwalimu. Fundi sauti, akiwa umbali wa mita nyingi, anasikia yote masikioni. Kwa hiyo kanuni yangu haina mjadala: maiki ya mtoto huvaliwa kwa kazi maalumu, huzimwa kengele ya mapumziko ikilia, na mtoto huambiwa ikiwashwa na ikizimwa. Yaliyosikika kwa bahati hayarudiwi kwenye gari mkirudi, hayachekwi, hayahifadhiwi.

Mnaoanza mnapenda kutafuta mtoto mwenye kisa. Mnauliza walimu: nani ana matatizo nyumbani, nani ni yatima, nani ana kipaji? Msifanye hivyo. Mwalimu atawatajia watoto wawili, mtawafuata hao, na mtapita kando ya darasa zima bila kuliona. Kaa na darasa kwanza. Kisa cha shule kiko kwenye kazi ya kujifunza yenyewe, na kazi hiyo ina misukosuko mikubwa kuliko unavyodhani.

Chukua kipindi cha kusoma kwa sauti. Mwalimu anasema kila mmoja atasoma aya moja, kuanzia dawati la mbele. Mtoto wa safu ya tatu, ambaye kusoma kunamtesa, hasikilizi tena hadithi. Anahesabu vichwa mbele yake. Anahesabu aya kwa kidole. Akishaipata ya kwake, anainama na kuanza kuisoma kimyakimya, midomo inacheza, anafika kwenye neno refu, anarudi mwanzo wa mstari, anajaribu tena. Wenzake wanasoma, wanacheka mahali pa kuchekesha, yeye hayupo. Kisha mwalimu, kwa sababu yoyote ile, anamruka mtoto mmoja au anamwambia mmoja asome aya mbili. Hesabu imevurugika. Tazama uso huo. Hakuna mahojiano yatakayokupa kitu kama hicho, na kilikuwepo wakati wewe umeelekeza kamera kwa anayesoma.

Ndiyo maana huwaambia wapiga picha wanaojifunza: mpige anayesikiliza. Mwaka 1978 Herz Frank wa Latvia alitengeneza filamu ya dakika kumi tu, kipande kimoja kisichokatwa, ya uso wa mtoto mdogo anayetazama maonyesho ya vikaragosi. Jukwaa lenyewe hatulioni. Tunaona hofu, furaha na huruma zikipita usoni kwake. Jizoeze hivyo darasani: chagua uso mmoja, kaa nao tangu swali linaulizwa hadi jibu linapatikana, usizime, usihame.

Mahojiano yawe machache, na yawe ya vitu. "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" ni swali ambalo kila mtoto ameshafundishwa jibu lake. Mwulize nani ameketi karibu naye na walianzaje kuketi pamoja. Mwombe akuonyeshe kilichomo kwenye begi, kimoja kimoja. Mwulize njia anayopita ndani ya shule ili asikutane na wakubwa. Watoto wawili wakiulizwa pamoja huzungumza vizuri zaidi, maana husahihishana na wewe unapotea katikati. Usimwulize mtoto mbele ya kamera habari za kufiwa, njaa nyumbani au ugomvi wa wazazi. Akizitaja mwenyewe, msikilize kama mtu, halafu baadaye, ukiwa na mlezi wake, muamue kama zina nafasi kwenye filamu.

Iko siku mtoto atakuambia jambo zito: anapigwa, anaguswa vibaya, anaogopa kurudi nyumbani. Wewe ni mtu mzima mpya unayemsikiliza kuliko wengine, kwa hiyo atakuambia wewe. Jiandae kabla. Siku ya kwanza kabisa ujue shuleni ni nani anayeshughulikia ulinzi wa watoto, na nje ya shule ni mamlaka gani, kwa maana anayelalamikiwa anaweza kuwa mtu wa shule hiyo hiyo. Mtoto akianza kusema, usimwahidi kwamba itakuwa siri, kwa sababu hutaweza kuitunza. Usimhoji kama mpelelezi. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba utamwambia mtu anayeweza kusaidia, kisha fanya hivyo siku hiyo hiyo. Kama kamera ilikuwa inanasa, rekodi hiyo ni siri. Haionyeshwi kwa mtayarishaji wala kwa rafiki, na haitakuwa kilele cha filamu yako. Na ukiona mtoto anaumizwa mbele yako, weka kamera chini. Wapo wanaofundisha kwamba mtengeneza filamu haingilii. Kwa watu wazima tunaweza kujadiliana. Kwa mtoto wa miaka minane mimi sina mjadala.

Kanuni nyingine za ulinzi ni fupi. Hakuna mtu wa timu kubaki peke yake na mtoto, mlango uwe wazi, kila mwanatimu achunguzwe kabla ya kuingia shuleni kama wanavyochunguzwa wafanyakazi wa shule. Hakuna picha za nyuma ya pazia kwenye simu binafsi wala kwenye makundi ya WhatsApp. Rekodi ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, nakala moja ikae jengo jingine, zote zikiwa na nywila, na majina ya mafaili yasiwe majina kamili ya watoto.

Panga pia na kalenda ya shule. Mwaka wa shule umekupa muundo bure: kufungua, majaribio, mitihani, kufunga. Lakini kumbuka ni shule ya mjini, na familia za mjini huhama. Kodi ya nyumba inapanda, kazi inapatikana upande mwingine wa jiji, na Jumatatu dawati liko wazi. Ukiwa umeweka filamu yote kwa mtoto mmoja, umekwisha. Fuata watano au sita, ukijua watakaobaki ni wachache. Na anapohama mmoja, usikimbilie kumtafuta alikokwenda. Baki darasani siku mwalimu anapokata jina lake kwenye daftari la mahudhurio, na usikilize majina yanavyosomwa kesho yake, yule aliyekuwa anafuata jina hilo anavyochelewa kuitika kwa sababu alizoea kusikia la mwenzake kwanza.

Kwenye kuhariri ndipo dhuluma hufanyika kwa urahisi, maana watoto hawapo kujitetea. Umenasa mtoto akitoa jibu lisilo sahihi. Umenasa pia darasa likicheka, siku nyingine, kwa jambo jingine. Ukiviunganisha, filamu inapata uhai, na umemtungia mtoto aibu ambayo haikuwahi kumpata. Mhariri hatajua kama hukumwambia. Kwa hiyo kila kipande kiwe na tarehe na kipindi, na uchekaji, makofi, macho ya wenzake, yote yatumike kwenye tukio lake. Kama mwendo wa filamu unapungua, upungue.

Kisha mfikirie mtoto huyo akiwa na miaka kumi na mitano. Wenzake wamekipata kipande, wamekikata, wanarushiana kwenye simu. Je, anaweza kuishi nacho? Kulia si lazima kutolewe. Mtoto anayelia kwa sababu hesabu imemshinda, kisha akaimaliza, anaweza kujivunia. Kujikojolea hutolewa, kila mara. Kuvuliwa nguo, kukaguliwa chawa, kutajwa mbele ya darasa kwamba hajalipa, hutolewa. Waingereza walianza mwaka 1964 kufuatilia watoto wa miaka saba kwenye televisheni, kwa Seven Up!, na wakarudi kwao kila baada ya miaka saba, kwa zaidi ya miaka hamsini. Baadhi yao walijitoa njiani. Sentensi walizosema wakiwa na miaka saba zilirudishwa hewani walipokuwa watu wazima, tena na tena. Mtoto wa kwenye filamu yako ataishi na sentensi zake hivyo hivyo, na siku hizi hahitaji kusubiri miaka saba.

Angalia na vitu vidogo vinavyomtambulisha: nembo kwenye sare, jina la shule ukutani, namba ya basi analopanda, kibao cha mtaa nyuma yake anapotembea kurudi nyumbani. Kimoja hakina neno. Vitatu pamoja ni anwani. Nyimbo nazo ziangalie. Wimbo wa mtunzi aliye hai unaoimbwa darasani unaweza kuhitaji kibali, hata kama umeimbwa na watoto kwa furaha, na mlio wa simu ya mwalimu vilevile.

Kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, filamu ionyeshwe darasani kwao. Wazazi waione siku nyingine, maana watoto hawatasema kitu mbele ya wazazi wao. Nenda ukiwa na toleo ambalo bado linaweza kubadilishwa na uwaambie hivyo kwa dhati. Watoto watakuuliza kwa nini fulani hayumo. Watakuambia kwamba kipindi ulichokiita cha asubuhi kilikuwa cha mchana, na watakuwa sahihi. Mmoja atakuja pembeni, baada ya wenzake kutoka, akuombe utoe mahali fulani. Mara nyingi si pale ulipopahofia. Patoe.

Mkataba na msambazaji uwe na kifungu kinachokataza kukata vipande vya watoto na kuvitumia nje ya filamu bila idhini yako, na kingine kinachosema picha ya kutangazia itachaguliwa miongoni mwa watoto ambao wazazi wao walikubali swali la bango. Filamu ikiwekwa kwenye intaneti, funga maoni. Fomu zote zihifadhi, pamoja na njia ya kuwapata wazazi, na uandike ndani yake kwamba mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kuja kwako kuomba sehemu yake itolewe kwenye nakala zitakazotengenezwa kuanzia siku hiyo. Mtayarishaji atakuambia kifungu hicho kinawatisha wanunuzi. Kipiganie kabla hujatia sahihi, kwa sababu ukishasaini huna tena cha kumpa mtoto huyo atakapokuja.